Namchagulia Binti Yangu Laptop

Jumatatu, 3 Machi

Miaka mitatu, miezi minne na siku tisa tangu niondoke nyumbani. Magoti yanauma, la kushoto zaidi. Leo tumemaliza vyoo vya ghorofa ya nne. Vimenyooka.

Jambo kubwa limetokea. Binti yangu kaniomba ushauri. Si salamu, si kuniuliza kama huku kuna baridi. Ushauri hasa. Kapata nafasi ya kusomea uhariri wa filamu, chuo kinafunguliwa Jumatatu ya tarehe 17, na walimu wote huko wanatumia Mac. Yeye kazoea Windows tangu sekondari, kwenye ile laptop kuukuu ya mjomba wake ambayo sasa inazimika ukiifunua kwa haraka. Anauliza abaki na aliyoizoea au ahame. Na akihama, achukue ipi. Anasema atakubali nitakachochagua mimi.

Mimi. Niliondoka ana miaka kumi na mitano. Tangu siku hiyo anayechagua kila kitu pale nyumbani ni shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Viatu vya shule kachagua shemeji. Shule yenyewe kachagua shemeji. Rangi ya mlango wangu, mlango niliouweka mwenyewe, kachagua shemeji. Nikisikia "mjomba kasema" chakula kinanishinda.

Nikamjibu binti papo hapo: niachie mimi, huku ofisini natumia zote mbili.

Hapa lazima niseme kweli, maana hakuna mwingine anayesoma. Nyumbani wanajua mimi ni karani wa vifaa. Nilisema hivyo mwezi wa kwanza ili mke wangu asikae akiwaza magoti yangu, na baadaye sikupata pa kugeuzia. Mimi ni fundi vigae. Kompyuta pekee niliyowahi kuigusa ni ya msimamizi wetu, siku ilipodondokewa na saruji nikaambiwa niifute. Nilifuta vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Chumbani naishi na dereva wa kreni. Tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui" tangu tumjue. Anakwenda likizo Jumatano ya wiki ijayo, na kwao ni mitaa miwili kutoka kwetu. Yeye ndiye atakayebeba laptop. Kwa hiyo nina siku nane.

Nikamuuliza tofauti ya Windows na Mac, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda tu. Akasema Windows ni ya watu wa kazi, na Mac ni ya wale wanaokaa hotelini na kikombe kimoja cha chai tangu asubuhi hadi jioni. Nikamwambia binti yangu si mtu wa hivyo. Basi Windows, akasema. Akageukia ukutani. Halafu akasema, ila kwa filamu ni Mac. Nikamwambia asimame upande mmoja. Akasema yeye anashinda juu ya kreni, pande zote anaziona sawasawa.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kaniandikia. Maneno ya heshima tele. Anasema binti akibaki na Windows, ikiharibika yeye ataifungua mwenyewe pale kibandani, ila bisibisi za Mac hana. Akamalizia: lakini shemeji, uamuzi ni wako.

Uamuzi ni wako! Nimeuona mtego. Anataka laptop itakayorudi mikononi mwake kila baada ya mwezi. Hivyo ndivyo mtu anavyoporwa ubaba, bisibisi moja baada ya nyingine.

Nimeshaamua. Mac. Bado sijaiona hata moja.

Profesa kanitungia ujumbe wa kitaalamu wa kumtumia binti. Una "prosesa", una "mfumo endeshi", una na "utangamano", neno ambalo tulilirudia mara tatu kabla ya kuliandika. Nikautuma kama wangu. Binti akajibu haraka: asante Baba, lakini kazi zangu zote ziko kwenye diski ya nje iliyoandaliwa kwa Windows, je, Mac itaisoma tu, au itaweza na kuandika ndani yake?

Nikampa Profesa simu. Akasoma. Akasema leo kachoka sana.

Nikamjibu mwenyewe: hilo hutegemea hali ya hewa ya huko. Nimejuta kabla kidole hakijainuka.

Jumamosi, 8 Machi

Nusu siku ya kazi. Nikatoka na ndoo yangu ya vifaa moja kwa moja hadi duka la kompyuta lililo nyuma ya jengo letu. Muuzaji ni dada mmoja mwenye miwani, mpole. Nikamwambia nazitazama kwanza.

Mtu huanza na anachokijua. Kigae kizuri kina mambo matatu: kimenyooka, kina uzito, na ukikigonga hakitoi sauti ya utupu. Nikatoa pima maji, nikaiweka juu ya laptop ya kwanza. Kiputo kikakimbilia kushoto. Imepinda. Ya pili, imepinda. Nikazikataa nne kwa mpigo, za aina zote mbili, nikamwambia dada kiwanda kimemuuzia mbovu. Akaniomba nipime na meza.

Meza ndiyo iliyokuwa imelalia upande.

Nikaenda kwenye kugonga. Windows moja ikajibu kama kigae kisichoshiba saruji. Mac kubwa ikajibu imara, na nilipoinyanyua ilikuwa nzito kama inavyopaswa. Nikasema nifungie hii. Dada akaniuliza nimekuja kununua au kujenga. Halafu akauliza ni ya nani. Nikasema ya binti yangu, anafanya filamu. Filamu za namna gani? Sikujua. Anatumia programu gani? Sikujua. Ataibeba kwa miguu au itakaa mezani? Sikujua. Kila "sijui" ilikuwa na kishindo chake pale dukani.

Dada hakunicheka. Akasema mzee wangu, kamuulize mwenyewe, laptop hazina miguu, utazikuta.

Nikaiwekea meza yake kipande cha kigae chini ya mguu mmoja kabla sijaondoka. Angalau kitu kimoja nilikijua.

Jumapili, 9 Machi

Nilikuwa na mpango. Nimuulize binti bila kuonekana nauliza. Nikampigia nikamwambia kuna fomu ya ofisini inatakiwa kujazwa.

Swali la kwanza, programu. Akaitaja, nikaiandika juu ya kifuniko cha boksi. Akasema ipo ya Windows na ipo ya Mac, kwa hiyo cha kujifunza upya ni vidole tu, vitufe vimekaa tofauti. Swali la pili, kubeba. Ataibeba mgongoni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Swali la tatu, filamu zenyewe. Akasema atanitumia moja, nikimaliza nimpigie.

Dakika tatu na kitu. Ni nyumba yetu. Mlango, kamba ya kuanikia nguo, mama yake anashona kifungo, viatu vyangu vya zamani chini ya kitanda ambavyo sikujua kama bado vipo. Na juu ya picha hizo, sauti yangu. Kumbe jumbe zangu zote za sauti kaziweka. Umekula? Mama hajambo? Soma mwanangu. Kisha tena, umekula? Mama hajambo? Soma mwanangu. Miaka mitatu, maneno yaleyale, na mimi siku zote nilidhani nazungumza naye.

Na nyuma ya sauti yangu, katika kila ujumbe, mashine ya kukatia vigae. Inalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango.

Nikampigia. Nikamwambia pale ofisini kuna ukarabati kidogo. Akasema, ukarabati wa miaka mitatu, Baba?

Anajua tangu mwaka wa kwanza. Mama yake anajua. Akasema alihangaika siku mbili kuuondoa ule mlio, na alipofaulu, sauti iliyobaki ilikuwa kama ya baba wa mtu mwingine. Akaurudisha.

Nikamuuliza, sasa kama unajua mimi ni fundi vigae, mambo ya kompyuta uliyaleta kwangu kwa nini. Akasema alianzia kwa mjomba, na mjomba akakataa. Alimwambia hiki ni kitu kikubwa, kachague na baba yako. Akasema na yeye mwenyewe alitaka hivyo. Kitu atakachokishika kila siku, alitaka mimi niwe nimekishika kwanza.

Nikamwambia simu inaisha chaji. Haikuwa inaisha chaji.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi dukani na kifuniko changu cha boksi. Dada akakisoma chote, hata upande wenye mahesabu ya kona za bafu. Akasema ile Mac kubwa niliyoipenda ni ya zamani, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni ndogo. Filamu zinataka kumbukumbu kubwa, na kwenye Mac kama hizi huwezi kuiongeza baadaye. Ukikosea siku ya kununua umekosea moja kwa moja.

Hilo nilielewa kuliko fundi yeyote wa kompyuta. Saruji huongezi chini ya kigae kilichokwisha kukauka.

Tukachagua ndogo, nyepesi, yenye kumbukumbu kubwa. Imetumika mwaka mmoja, betri bado nzima, dada kanionyesha mwenyewe mahali inapoandikwa. Nikamuuliza na la diski. Akasema Mac itaisoma ila haitaandika ndani yake. Kwa hiyo binti ahamishie kazi zake zote kwenye laptop kwanza, kisha aiandae diski upya kwa mtindo ambao Windows na Mac zote huukubali. Kwanza ahamishe, ndipo aandae. Kuandaa hufuta vyote vilivyomo, kwa hiyo akigeuza mpangilio huo atapoteza kila kitu.

Nimeyaandika hayo kwa mkono wangu kwenye karatasi safi, "kwanza" nimeipigia mistari miwili. Nimesaini chini kama mtu aliyeyajua siku zote.

Kabla sijalala nimeifungua nikaishika. Kiganja chote, juu na chini. Nilinawa kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Profesa kaondoka. Palikuwa na mvutano kidogo.

Vigae husafiri vimesimama. Kigae ukikilaza garini kinapasuka, hilo hata kibarua wa siku ya kwanza anajua. Nikaifunga laptop imesimama katikati ya maboksi mawili na sponji, nikaandika BEBA WIMA pande zote nne. Profesa akauliza, na mimi nitakaa wapi? Nikamwambia aipakate. Akasema watu wataona kapakata dirisha la choo. Nikamwambia waone. Akasema dada wa duka mwenyewe kasema inaweza kulala. Nikamuuliza dada wa duka kavunjikiwa na vigae vingapi maishani mwake.

Akaipakata. Nilimtazama hadi gari lilipokata kona. Ilikuwa wima.

Jumapili, 16 Machi

Imefika! Binti kanipigia kwa hiyohiyo, uso wote umejaa kwenye simu yangu. Sikuwa nimeona kwamba kidevu kimekuwa cha mama yangu. Kazi zake zote zimehama salama, diski kaiandaa jana. Vidole bado vinamkosesha, kila akitaka kunakili kitu anafunga dirisha zima, lakini anasema wiki moja itatosha. Kesho anaanza.

Shemeji alipita nyuma yake. Akainama akasema, shemeji, umechagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua mimi. Nilitafuta ubaya ndani ya sentensi hiyo hadi sasa sijaupata. Bado natafuta.

Mke wangu akauliza kutoka upande wa pili wa chumba, na jokofu je, wachukue la mlango mmoja au miwili, kaka yake anasema la mmoja. Hakumaliza. Nikasema la miwili, waniachie mimi, nina rafiki wa karibu huku ni fundi wa majokofu. Sina. Nitamtafuta kesho.

Na nina mpango mwingine, huu hauna kasoro. Jengo litakwisha mwezi wa sita, nami nitarudi bila kumwambia mtu, niwakute wamekaa. Nikamnong'oneza binti tarehe, yeye peke yake, mdomo karibu kabisa na simu. Kumbe laptop niliyomchagulia ina spika nzuri mno. Nikasikia mke wangu anauliza, tarehe ishirini ni siku gani? Shemeji akamjibu ni Ijumaa, na kwamba yeye atafunga kibanda mapema aje kunipokea.

Natarajia kufika Ijumaa, tarehe 20 Juni, alasiri. Hakuna anayejua.