Vidole Gumba vya Gredi ya Tano

Jumatatu, 12 Mei
Chai ya saa nne imeniharibikia mdomoni. Mwalimu mkuu, Madam Wangu, amemsifu mwalimu mwenzangu Immaculate mbele ya walimu wote. Eti hangoji mtihani wa mwisho wa muhula ajue nani ameelewa hesabu. Anawapa watoto vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasua mbao, wanapima, wanaelezana, yeye anapita akiuliza maswali. Kupita tu! Mimi nimesahihisha kwa kalamu nyekundu tangu Immaculate akiwa nasari. Nani amewahi kuisifu kalamu yangu?

Ijumaa anakuja afisa wa elimu kutoka Nakuru, Bwana Kosgei. Anatafuta mwalimu wa kufundisha wengine namna ya kutathmini wanafunzi. Wivu? Mimi? Hapana. Ni haki tu ninataka.

Jumanne, 13 Mei
Nimechungulia dirishani kwake nikijifanya natafuta dasta. Siri nimeipata! Akimaliza kueleza, watoto wanaonyesha kidole gumba. Juu, nimeelewa. Chini, nimepotea. Basi!

Nimejaribu kwangu. Vyote chini. Hata Kipruto, ambaye alikuwa amelala. Nikatangaza kwamba mwenye kidole juu atatangulia kupakuliwa githeri ya mchana. Vyote juu! Darasa zima limeelewa hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa dakika moja. Immaculate hajawahi.

Jumatano, 14 Mei
Nimemwambia Immaculate kwamba afisa ameahirisha mpaka wiki ijayo. Alinishukuru, akasema kwake ni sawa tu, yeye huwa hajiandai kwa wageni. Jibu gani hilo? Nimekosa usingizi.

Alhamisi, 15 Mei
Mazoezi. Nimewapa watoto maswali matatu na majibu yake. Wanayaimba kama kwaya ya kanisa.

Ijumaa, 16 Mei
Aibu!

Nilimdaka Bwana Kosgei getini, nikamwingiza kwangu kabla hajasalimia mtu. Vidole vyote juu. Akatabasamu. Kisha akamuuliza Wanjugu kwa nini nusu ni kubwa kuliko robo.

Wanjugu akasimama kwa adabu. "Samahani, sir. Hilo ni swali la pili. Mwalimu alisema utaanza na la kwanza."

Nikacheka peke yangu. Afisa akamgeukia Kipruto, akamuuliza kidole chake juu kina maana gani. "Githeri, sir."

Akahamia kwa Immaculate, akakaa huko mpaka kengele ya chakula. Mtoto mmoja alikosea kupima, mwenzake akamwonyesha wapi, na afisa akaandika, akaandika. Nimeona yote kupitia dirisha. Immaculate ndiye atakwenda Nakuru. Na mimi? Madam Wangu ameamua nikae nyuma ya darasa lake wiki nzima nijifunze.

Jumatatu, 19 Mei
Nimekaa. Dawati ni la watoto, magoti yamenigusa kidevu. Nilipewa mbao nipime robo yake. Msichana jirani yangu, Cheptoo, alikagua kazi yangu, akasema kwa upole kwamba ninakaribia matarajio, kama tunavyowaandikia kwenye ripoti zao. Ninakaribia! Immaculate akaniuliza kama ningependa kujaribu tena. Nikasema koo linaniuma.

Lakini sikukaa bure. Nimemchunguza mguu kwa mguu, na sasa ninajua kinachompa sifa. Raba! Anavaa raba za soli laini, anapita kati ya madawati bila kelele, watoto wanampenda. Jioni nimepitia sokoni Elburgon, nimenunua zangu. Nyeupe, za kung'aa, soli nene kuliko zake.

Kesho watanitambua.