Godoro la Baba Julieth na Nailoni Yake

Jumatatu, 9 Juni

Nimeonewa. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hapa Ipuli, nimeonewa!

Yustina katangaza wakati wa chai kwamba mama yake anakuja keshokutwa kutoka Usoke, kupimwa macho hospitali. Karibu sana. Mama mkwe namheshimu. Lakini atalala wapi? Kitandani kwetu. Juu ya godoro langu! Sisi tutahamia chumba cha binti yetu Julieth, aliye shule ya bweni.

Godoro hilo halijatolewa nailoni ya kiwandani tangu tulinunue. Hata karatasi yenye picha ya tembo haijabanduka. Nani mwingine Tabora nzima anaweza kusema hivyo? Rimoti iko kwenye nailoni. Makochi yako kwenye nailoni. Mizani ya dukani kwangu, vilevile. Kitunze kikutunze.

Yustina hana shukrani. Anadai godoro linapiga kelele akijigeuza, shuka linateleza, na mgongo unamlowa jasho hata kipupwe hiki. Nikamwambia jasho ni afya. Hakucheka. Akasema, taratibu kabisa, "Mama akilala kwenye nailoni, Baba Julieth, siku anayoondoka naondoka naye."

Nikaahidi kuitoa. Sikusema lini.

Jumanne, 10 Juni

Mjini, kwa Darwesh muuza magodoro. Nikamwomba kitu cha kutandika juu ili nailoni isisikike. Kanionyesha vitu vitatu. Protekta: inafanana na shuka, juu kitambaa, chini utando wa mpira, maji hayapiti. Kitandiko cha pamba: kimeshonwa mirabamiraba, kinene kidogo, cha kupunguza baridi. Na topa: kigodoro kizima, laini, unakilaza juu ya godoro lako.

Nikauliza kipi bora. Mtu mzima na ndevu zake, kanijibu kwa swali.

"Protekta inalilinda godoro. Topa inamlinda anayelala. Wewe unamhurumia nani?"

Swali gani hilo kwa mteja? Godoro, bila shaka! Mtu akiumwa mgongo, anapona. Doa haliponi.

Nikachukua protekta. Akanionya nivue nailoni kwanza, maana mpira juu ya nailoni ni kumchemsha mtu. Mimi nifundishwe kutandika kitanda! Kisha akanichoma kabisa: Revocatus kanunua topa juzi. Revocatus ni mume wa dada yake Yustina, anakaa Kwihara. Mtu ambaye baiskeli yake inachakaa mvuani bila hata mfuko kwenye kiti! Topa ya nini, kama si kujipendekeza kwa mama mkwe?

Jumatano, 11 Juni

Nimetandika mwenyewe, Yustina akiwa stesheni kumpokea mama. Nailoni palepale. Protekta juu. Shuka juu ya protekta. Ulinzi juu ya ulinzi. Nimekipigapiga kitanda kwa furaha.

Mama kafika na kikapu cha karanga. Nikamwamkia nikiwa nimeinamisha macho, naye akaitikia akitazama ukutani, ndivyo desturi yetu inavyotaka. Yeye akiwa na neno nami, linapitia kwa Yustina. Na kuanzia leo siruhusiwi kuvuka pazia la chumba anacholala. Hata kulishika.

Jambo hilo sikulipigia hesabu. Godoro langu liko mle ndani, peke yake.

Alhamisi, 12 Juni

Malalamiko! Mama anasema alisikia panya wakichakarisha chini yake mpaka alfajiri. Mara mbili kateleza karibu aanguke. Kaamka kalowa kama aliyenyeshewa. Yustina kanitolea macho. Nikamwambia protekta mpya zina kelele, zikizoea zinanyamaza.

Akataka topa. Kama ya Revocatus, akasema. Kama ya Revocatus!

Basi nami nimetengeneza topa. Rafiki yangu Anton anafanya kazi ghala la tumbaku. Kanipa bure mabaki, majani yaliyovunjikavunjika, laini ajabu. Nimeyajaza kwenye magunia, nikashona, nikanyunyizia marashi. Faida tatu. Kwanza, kunguni hawasogei. Pili, mama kalima tumbaku maisha yake yote, atajiona yuko nyumbani. Tatu, godoro langu linapata tabaka lingine juu yake. Akili hizi Revocatus atazitoa wapi?

Yustina kaiingiza topa hiyo chumbani na kuilaza juu ya protekta. Akauliza ndani kuna nini. Nikasema sufi.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya. Mama kaamka na kizunguzungu, macho mekundu, yanatiririka machozi. Yustina kampeleka hospitali akimshika mkono. Daktari kashindwa kupima. Kasema macho yatulie kwanza, warudi Jumatatu. Safari yote ile kutoka Usoke, na macho yamevimba kwa sababu ya kitanda changu.

Waliporudi, mama akaingia chumbani. Nikasikia gunia likifumuliwa. Kisha sauti yake nyuma ya pazia, akimwambia Yustina, lakini kwa kipimo cha mimi kusikia.

"Mwambie Baba Julieth hii ni tumbaku ya daraja la mwisho." Kisha kwa Yustina mwenyewe: "Nililala kwenye bani la kukaushia tumbaku, nikichochea moto, ili wewe usome. Sikudhani nitaikuta kitandani kwako."

Niliona haya. Kweli niliona haya, hata chai ilinipalia.

Lakini aibu hiyo haikudumu, maana ikafuata sauti ya kisu. Yustina kafunua protekta, kaikuta nailoni, kaichana! Toka kichwani hadi miguuni, kraaa, na mimi nimesimama sebuleni nakohoa, siwezi hata kusogeza pazia. Mume mwenye nyumba! Karatasi ya tembo imetupwa jalalani. Nimeiokota.

Jumapili, 15 Juni

Naandika na gundi bado vidoleni.

Wamekwenda kanisani. Mimi nikasingizia tumbo. Nikafikiri hivi: desturi inakataza kuingia anakolala mama mkwe. Mama mkwe yuko kanisani, hajalala. Basi si chumba chake kwa sasa. Hoja safi kabisa.

Nikaingia na utepe wa gundi. Nailoni imetupwa uvunguni, hali ya kutia huruma; nikafunua shuka, nikairudisha juu ya godoro. Nikaanza kuunga kipande kwa kipande. Pale katikati mkono haukufika, nikapanda kitandani, nikalala kifudifudi nikibandika.

Mama alisahau miwani yake ya jua.

Pazia likafunguka. Nikageuza shingo. Mama mkwe, na khanga ya kanisani. Mimi juu ya kitanda chake, soksi miguuni, utepe mdomoni. Akajifunika uso kwa khanga, akarudi kinyumenyume. Yustina akaja nyuma yake, akaniona. Akamshika mama yake mkono, akamtoa nje. Afadhali angenipigia kelele.

Mama hawezi tena kulala chumba kile, wala nyumba hii. Revocatus kaja na gari la kukodi kuwachukua. Ndiyo, kuwachukua. Yustina kafunga nguo zake. Nilimwambia nailoni inaungika. Akapanda gari.

Jumatano, 18 Juni

Macho ya mama yamepimwa, atapewa miwani. Revocatus kapiga simu kunieleza, sikumwomba. Kaongeza kwamba mama analala usingizi mzito kwenye topa. Topa! Nimekata simu.

Nyumba kimya. Nimekula ugali wa jana. Kitanda kiko pale, hakipigi kelele, hakuna anayejigeuza. Nimelia kidogo.

Nikainuka, nikaenda kwa Darwesh. Nikachagua topa nene kuliko zote. Akaniuliza tena namhurumia nani. Nikamjibu kwa ukali kwamba namhurumia mke wangu, ana swali lingine? Akanipa mkono.

Nimeituma picha kwa Yustina. Kajibu: atarudi kesho. Kesho! Nimefagia, nimepiga deki, nimetandika. Sijaona kitanda kizuri kama hiki. Topa inamlinda Yustina, nimekubali, Darwesh kashinda.

Lakini topa nayo, nani atailinda?

Nailoni yake sijaitoa. Nimeibandika na karatasi ya tembo. Mimi nimejitandikia mkeka hapa chini, nisije nikaichakaza kabla mwenyewe hajafika.