Mikungu Tisini na Minne Dukani kwa Naila

Jumatatu, 8 Julai

Naila kaondoka. Mdogo wake Nadhira kajifungua mapacha huko Bukoba, alhamdulillah. Kaniachia duka mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Duka ni lake, kalianza na beseni moja la dagaa. Mimi ni mume tu. Kaniambia nisibuni kitu. Niuze, nifagie, nifunge. Akikuta shelfu tupu, funguo sitazishika tena maishani. Nikaapa. Namshukuru kwa kuniamini, ingawa aliniapisha mara mbili.

Mchana hakuna mteja. Wote wako dukani kwa Placidius, ng'ambo ya barabara. Nikakaa nasoma sabuni. Imeandikwa ekstra. Nikafungua kamusi ya Kiingereza ya binti yetu Mwanamisi. Loo, neno moja, maana kibao! Ya akiba. Ya nyongeza. Ya ziada. Iliyozidi. Nikaishia hapo, usingizi ulinishika.

Nilipoamka, wazo lilikuwa limeshafika. Kijiji chetu kizima cha Chonyonyo, nani hana kitu cha ziada? Migomba inalemewa! Wazo limekuja lenyewe, mimi sikubuni kitu.

Jumanne, 9 Julai

Nimetundika bango: LETE ZIADA YA SHAMBA, ONDOKA NA SUKARI, CHUMVI AU SABUNI. Mpango ni huu. Ijumaa lori la Karekezi linapita kubeba ndizi za kuuza Mwanza. Nampakilia mikungu yote, najaza duka upya, na faida juu. Naila atanikuta nimekaa kwenye kiti kipya.

Kufika adhuhuri, mikungu ishirini na minane! Bibi Kampire kaleta sita peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akataka kunieleza jambo kuhusu ndizi zake. Nikamwambia bibi, ndizi ni ndizi, chukua sukari. Akachukua sukari.

Placidius kasimama mlangoni kwake bila mteja hata mmoja. Nikampungia mkono. Nawashukuru sana wananchi wa Chonyonyo.

Alhamisi, 11 Julai

Mikungu tisini na minne. Imejaa stoo, imejaa ukumbini, mitatu iko kitandani upande wa Naila. Shelfuni hakuna hata kiberiti. Zimebaki ndoo na mabeseni yanayoning'inia darini.

Naila kapiga simu, duka linaendeleaje? Nikamjibu mzigo wote umetoka. Kweli tupu! Akafurahi, akaniwekea mapacha niwasikie wakilia. Nimebarikiwa jamani. Kuhusu hizi ndizi, nimeamua kuziita za akiba.

Ijumaa, 12 Julai

Sina hamu.

Karekezi kaja. Kabinya ndizi moja. Kauliza nani kaniambia hizi ni za kupika. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye tairi. Ni ndizi za pombe! Mikungu yote tisini na minne! Ukizipika zinakausha ulimi, Mwanza nzima hakuna atakayezigusa.

Sasa mimi ningejuaje? Miaka hamsini nakula matoke, lakini nakutana nayo sahanini. Babu alitoka Pangani akaja kuuza kanga, si kulima. Mtoto wa miaka minne hapa anatofautisha mgomba na mgomba kwa kuutazama tu. Mimi natofautisha kanga.

Placidius kavuka barabara kuja kushuhudia. Kanishauri nikamue rubisi. Pombe! Mimi, niliyeadhini miaka saba! Nikaenda kuswali Ijumaa, nikaomba nisamehewe na pia lije lori lingine. Nikarudi kwenye kamusi. Kumbe kulikuwa na maana ya tano: isiyohitajika.

Namshukuru Karekezi. Alicheka, lakini mikungu ya kitandani alinisaidia kuitoa.

Jumamosi, 13 Julai

Jirani yangu Gloriose, ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Rwanda, kanikuta nimekaa juu ya mikungu. Kasema niache ujinga. Ndizi zivundikwe shimoni, zikiiva zikamuliwe, juisi inywewe siku hiyo hiyo ikiwa tamu. Kwao wanaita umutobe, hata watoto wanakunywa. Ikilala tu, inaanza kuwa pombe.

Mumewe, Athanasi, kachimba shimo mpaka shati limeloa. Nikataka kumpa kitu, sina. Nikampa bango.

Alhamisi, 18 Julai

Tumekamua tangu asubuhi. Gloriose na wenzake wanaponda ndizi kwa nyasi, juisi inashuka nyeupe yenye povu, tamu ajabu. Mapipa matano!

Nikaweka meza na vikombe, bei chee. Mpaka alasiri nimeuza vikombe viwili. Kimoja nilijiuzia. Nani atanunua juisi ya ndizi hapa, kila mtu ana mgomba mlangoni?

Gloriose kanikumbusha: kesho itakuwa pombe. Mapipa matano ya pombe, dukani kwa Naila, naye anarudi Jumamosi! Nikasimama barabarani nikapiga kelele: njooni mchukue bure! Watu walikuwa wanarudi kutoka kuchuma kahawa, hawana vyombo. Nikaangua ndoo na mabeseni ya Naila, yote arobaini, nikawajazia. Hata Placidius nilimpa beseni jekundu.

Sasa duka lina kuta tu. Nawashukuru, angalau halinuki.

Ijumaa, 19 Julai

Nilikuwa naandika barua ya kuomba msamaha. Nimefika "Mke wangu mpendwa, kaa kwanza." Bibi Kampire akaingia na ndoo. Imejaa maharage! Nikasema bibi, mimi sikuuza, niligawa. Akasema anajua, lakini chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwetu sikufundishwa?

Wakafuatana. Karanga. Mayai. Kahawa kavu. Mchele. Ndoo baada ya ndoo. Mwisho Placidius, na beseni jekundu: sukari, chumvi, sabuni miche sita. Nikamuuliza kwa ukali anataka nini. Akasema mkewe alipougua, Naila alimpelekea uji siku tisa, na hakuulizwa anataka nini.

Nikalia. Nikamwambia ni vumbi la maharage.

Jumamosi, 20 Julai

Naila karudi. Kazunguka shelfu zote. Kahesabu ndoo, zote zipo. Kumbe alijua! Bibi Kampire alimpigia simu tangu ile Jumanne. Kaniuliza swali moja, nimejifunza nini? Nikasema watu ni wema. Akasema hilo jibu ni sahihi, akanirudishia funguo, akanipakulia chakula. Matoke. Sikuuliza ni ya mgomba gani. Nampenda mwanamke huyu.

Jumapili, 21 Julai

Kesho Naila anarudi Bukoba, kwenye karamu ya akika ya mapacha. Siku tatu tu. Kasema nisibuni kitu. Nikaapa.

Lakini nimekaa nikawaza. Chombo hakirudi kitupu. Ndoo arobaini zimejaza duka. Je, nikigawa ndoo mia tatu? Vijiji vya jirani navyo, Kiruruma yote, Kamuli yote! Na kwa nini nihangaike na juisi? Kijiko kimoja cha chumvi ndani ya kila ndoo kinatosha, ilimradi isionekane tupu.

Karekezi anakuja na lori saa mbili kuzisambaza, Naila akishaondoka. Ndoo anazo Placidius, zimemzidi mpaka analalamika. Kakubali kunipa zote. Nami nampa sukari, sabuni, maharage, karanga, mayai, mchele na kahawa.

Mungu ambariki jirani huyu.