Birika Lisilo na Mkono

Asali alipata jina lake kwa ulimi, si kwa tabia. Mungu humpa kila mja kipaji, na yeye alipewa maneno. Namna ya kuyatumia aliachiwa mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya pikipiki ya shangazi yake, aliyoazimwa kwa onyo moja: "Ikipata hata mkwaruzo, usiniletee shikamoo yako."

Kwenye meza ya mama muuza vyombo vya zamani aliona birika la kauri, lenye picha ya mwasisi wa taifa akipandisha bendera. Mkono wa birika ulikuwa umevunjika, haupo.

"Hilo nalitupa, mwanangu," mama alisema. "Ingawa mgombea wetu anavipenda sana vitu vya siku ya uhuru."

Asali alilinunua kwa bei ya kitunguu. Huyo mgombea Asali alimjua, nani asiyemjua? Alikuwa mwenye nyumba za kupangisha, aliyefunga bomba la uani kwa kufuli na ufunguo akaulalia. Mji mzima ulimwita Mkono wa Birika, kama wanavyoitwa mabahili wote, na kila alipopanda jukwaani watu walipiga kelele, "Birika! Birika!" Kwa jina lile, kiti angekisikia redioni tu.

"Mheshimiwa," Asali alimwambia sebuleni kwake, akilifunua birika taratibu kama mtoto mchanga, "siku ya bendera mwasisi alilinyanyua hili mbele ya umati, akaung'oa mkono wake, akasema, 'Serikali yangu haitakuwa na mkono wa birika!' Ukilishika jukwaani, nani atakuita bahili tena?"

Hadithi hiyo aliitunga njiani, akisubiri taa nyekundu.

Mgombea alilia. Machozi ni bure, kwa hiyo aliyatoa mengi.

"Basi ni kweli! Marehemu baba alikuwepo. Mkono ulianguka miguuni pake, akauokota."

Akaingia chumbani, akarudi na kipande cha kauri ndani ya soksi. Akakiweka kwenye birika. Kikakaa barabara, kama jino kwenye ufizi wake.

Nywele zilimsimama Asali. Kumbe hakutunga! Kumbe alifunuliwa! Mwongo akipata shahidi wa uongo wake, huwa mcha Mungu ghafla.

"Birika bila mkono ni kigae," mgombea alisema. "Likiwa zima, jumba la makumbusho litakutajirisha. Mimi kulinunua siwezi, hali yangu unaijua. Lakini mkono naweza kukuachia."

"Kwa kiasi gani, mzee wangu?"

"Kampeni inachosha miguu, kijana. Ile pikipiki hapo nje ni yako?"

"Yangu kabisa," alisema Asali. Siku hiyo alikuwa amedanganya mengi, lakini hilo ndilo lililomgharimu.

Kwenye jumba la makumbusho, mtunzaji alibandua kitambaa kilichogundishwa chini ya birika, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Usitie kwenye maikrowevu.'" Akavua miwani. "Kweli mwasisi wetu aliona mbali."

Asali alitimua mbio hadi uwanja wa mkutano wa kampeni, birika kwapani, mkono wake wa kauri mfukoni. Mgombea alikuwa jukwaani. Chini, juu ya pikipiki, mkewe alikaa kama malkia: ni yule yule mama muuza vyombo, akimpungia Asali mkono kwa upendo wa mzazi.

"Ndugu zangu!" mgombea alinguruma. "Naapa mbele ya Mungu na mbele yenu: mimi sina mkono wa birika!"

Hakuwahi kusema kweli kama siku hiyo. Umati ukalipuka kwa shangwe.

Mwanamke mmoja tu wa safu ya mbele aliacha kupiga makofi. Aliinama, akaisoma namba ya pikipiki, akaisoma tena. Kisha akageuka polepole, akiupekua umati kwa macho, mpaka yakatua kwenye birika, na juu ya birika, uso.

"Shikamoo, shangazi," alisema Asali.

Hakuitikiwa.