Dawa ya Kifua cha Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Julai 1993

Mimi Manase nina bahati ya kuzaliwa nayo. Hilo halina ubishi. Nilidondoka kutoka kwenye behewa la mizigo pale Saranda nikaangukia magunia ya pamba. Nilikaa Tabora miaka miwili bila kazi, nikanenepa. Wenzangu walifukuzwa shule. Mimi darasa la sita niliacha mwenyewe, kwa heshima. Nikitema mbegu ya papai nyuma ya choo, inaota. Mtu wa namna hii hababaishwi na mambo madogo.

Jambo dogo lenyewe ni hili. Mke wangu Selina yuko kwao Mungaa, wiki ya tatu sasa. Alikwenda kumuuguza mama yake, kikohozi. Sawa. Ila aliondoka na mto wa kulalia. Mtu anayekwenda kuuguza habebi mto! Najua chanzo: sufuria yake kubwa, ile ya harusi, niliyoyeyushia lami ili nizibe paa. Lami haijatoka. Paa bado linavuja.

Leo Marko, muuza vitunguu, kaniletea salamu kutoka huko. Selina anasema atarudi siku nitakapofanya jambo moja, moja tu, likamfaa mtu. Lisipopatikana, basi nimpelekee na godoro.

Godoro! Maneno mazito.

Lakini nimepata wazo papo hapo, Marko hajamaliza hata maji niliyompa. Nitamfaa mama yake mwenyewe. Nitatengeneza dawa ya maji ya kifua, ya miti shamba na asali. Asali ninayo, nililetewa kutoka Itigi, nyeusi, ya nyuki wakali. Marko anarudi Mungaa keshokutwa asubuhi. Ataibeba.

Jumanne, 13 Julai

Nimepika tangu alfajiri. Tangawizi, limau, vitunguu, majani ya mpera, majani ya mkaratusi, halafu asali juu yake, koroga mpaka ikolee. Harufu imefika barabarani. Dereva wa lori kasimama kuuliza kuna sherehe gani.

Jirani yangu Alute naye kaja. Huyu alikuwa mhudumu wa zahanati, akastaafu, na siku hizi za ruksa, kila mtu na biashara yake, kafungua duka la dawa. Anavaa koti jeupe la mitumba. Kifuani limeshonwa jina la mtu mwingine, la Kizungu. Kanusa chungu changu akauliza napika dawa au namchemsha mtu. Nikamwambia dawa yangu imetoka porini, haikupanda meli kama vidonge vyake. Akasema hata nyoka anatoka porini. Watu wakacheka. Nikamwambia kesho nitampa chupa nzima bure, anywe, kisha aje kuniomba kazi. Akasema ataionja kitaalamu, kwa kijiko.

Kwa kuwa moto ulikuwepo, nikapika na ya kuku. Ugonjwa wa mdondo umeshaingia vijiji vya jirani na mtu mwenye akili hangoji. Hii ni pilipili kichaa, mshubiri na ugoro. Ukiifungua chupa macho yanatoka machozi yenyewe. Kuku haombwi ruhusa. Mdomo wazi, tia, funga.

Zote mbili zimetoka nyeusi kama chai ya msibani. Chupa ni za bia, za aina moja, nimezikusanya mwezi mzima. Kuandika karatasi na kubandika ni kazi ya watu wasiojiamini. Mimi nimeziweka juu ya meza ya uani: kushoto za watu, kulia za kuku. Basi.

Upepo wa leo unang'oa nyusi. Ilibidi nihamie upande wa pili wa meza, nikaupa mgongo, nikafunga vizibo nikiota jua. Kazi safi. Nimejipongeza kwa kikombe cha togwa.

Jumatano, 14 Julai

Marko kapita asubuhi. Nimechukua chupa ya kushoto, nimempa. Nimemwambia amfikishie mama mkwe, aseme tu ni dawa kutoka kwa mkwe wake. Maelekezo nimempa kwa ajili ya Selina: kikombe cha chai kizima, kutwa mara tatu, na hata ikiwa kali mgonjwa asikatishe. Ukali ndio dawa.

Alute naye kapewa yake, ya kushoto. Kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Nimelala mchana nikaota Selina anaingia uani na mto kichwani.

Alhamisi, 15 Julai

Leo zamu ya kuku. Nimejiandaa kwa vita: nimevaa shati la mikono mirefu. Nimemkamata jogoo kwanza. Ajabu! Hakupigana. Kanywa, kajilamba, kafungua mdomo tena. Mitetea ikaja yenyewe ikasimama kwenye mstari kama inangoja sukari ya dukani zamani zile. Wamenifuata mpaka mlangoni. Nyuki nao wamekuja, wengi, wamekaa kwenye midomo ya kuku.

Nina kuku wenye akili. Wanajua kinachowafaa.

Na habari nyingine tamu: duka la Alute limefungwa tangu jana jioni! Mlango haujafunguliwa leo kutwa. Kaonja dawa yangu, kaona hawezi kushindana. Nilijua atashindwa, ila sikujua ni haraka namna hii. Nitamfanya msaidizi wangu. Sina kinyongo.

Ijumaa, 16 Julai

Nimekwenda kwa Alute kumtangazia kazi. Mkewe, Jenipher, kanipokea kwa mwiko mkononi. Anasema mume wake hajakaa kitini tangu juzi, anakaa chooni tu. Vijiko viwili! Vijiko viwili vya dawa yangu vimemlaza mwanaume aliyekuwa akibeba gunia la mtama kwa bega moja.

Nikasema haiwezekani, dawa ile ni asali. Jenipher akaleta chupa akanifungulia chini ya pua.

Machozi yakatoka. Pilipili. Ugoro.

Nimekimbia nyumbani. Nimeonja ya kuku. Asali! Asali ya Itigi, tangawizi, limau, kila kitu. Nimesimama nyuma ya meza, nikazunguka mbele ya meza. Nikazunguka tena. Mkono wa kushoto ukiwa upande huu, unakuwa wa kulia upande ule. Nani aliyewahi kutuambia hayo darasani?

Mungu wangu. Mama mkwe. Kikombe kizima. Mara tatu. Asikatishe.

Alute ni dume, na vijiko viwili vimemfanya hivi. Yule ni mama mzee, anakohoa, mwembamba kama ufito. Tangu juzi hadi leo, vikombe sita au saba. Selina hatarudi. Na hata akirudi, nitamtazamaje?

Nimerudi kwa Alute nikamweleza kupitia mlango wa choo. Halafu kaguna. Halafu kamwambia Jenipher afungue duka anipe pakiti zote za unga wa kuhara, zile za kuchanganya na maji, bila kuniuliza chochote. Kaniambia niende upesi, mjinga mimi, nimnyweshe mama wa watu kidogokidogo, nimpeleke hospitali akilegea, na kugombana tutagombana nikirudi. Mtu mwema Alute. Nimemsema vibaya mno humu.

Naandika nikiwa nimesimama. Baiskeli haina breki. Naondoka.

Jumamosi, 17 Julai. Mungaa

Nipo hai. Niandike yote kabla sijasahau.

Njia nzima upepo wa mbele. Mnyororo umetoka mara tano. Niliahidi mambo mengi njiani: nitaacha uongo, nitakwenda kanisani, nitakwenda na msikitini kama itasaidia.

Nikafika jua linashuka. Kwa mbali nikaona uwanja wa kina Selina umejaa wanawake. Khanga vichwani. Watu hawajai nyumbani kwa mtu hivihivi. Nikajua nimechelewa.

Nikaiacha baiskeli ianguke yenyewe. Nikashika kichwa. Nikaangua kilio tangu kwenye uzio: mama yangu, nimekuua! Mimi Manase ndiye niliyekuua, kwa chupa yangu, kwa mkono wangu!

Baba mkwe, mzee Gaspari, akatoka nyuma ya ghala akaniuliza kwani siku hizi watu hawasalimiani? Nikasimamisha kilio. Nikasema shikamoo baba. Akaitikia marahaba. Nikaendelea kulia.

Akauliza nimemuua nani. Nikasema mama. Akauliza mama yupi. Nikanyoosha kidole ndani ya nyumba. Akageuka akatazama katikati ya wanawake, nami nikatazama anakotazama. Mama mkwe! Amesimama, mzima, fimbo ya kupuria mtama mkononi, mapepe ya mtama mpaka kwenye nyusi. Hapakuwa na msiba. Walikuwa wamekuja kumsaidia kupura mtama.

Nikamrukia. Naapa sikufikiri. Mikono wazi, machozi, makamasi, nataka kumkumbatia. Na mila zetu zinajulikana: mama mkwe humtazami, humtaji jina, ukikutana naye njiani unaingia majanini. Wanawake wakapiga yowe. Mama mkwe akajifunika khanga uso mzima akakimbilia nyuma ya lundo la mtama. Mimi nikavuta shati nikajifunika kichwa, nikageuka, nikajigonga kwenye banda la mbuzi. Hapo nikabaki, uso ukutani. Mbuzi wakanitazama.

Mazungumzo yakafanyika hivyo. Mimi nikimwambia mbuzi, mama mkwe akiliambia lundo la mtama, Selina katikati akipitisha maneno ingawa kila mtu anasikia.

Nikamwambia mbuzi kwamba dawa iliyoletwa na Marko si ya kifua. Mama mkwe akaliambia lundo kwamba hilo analijua. Alipofungua tu chupa alinusa ugoro na mshubiri. Dawa ya kuku anaipika yeye tangu hajaolewa, ila ugoro wangu nimezidisha. Maelekezo ya vikombe Selina alimpa, akadhani ni utani wangu, maana mkwe wake ana utani. Kuku wake walikuwa wameanza kusinzia tangu Jumanne. Akawanywesha siku ileile chupa ilipofika. Wawili wamekufa, waliobaki wote wanakula. Alikuwa anawasimulia hawa wenzake kwamba ana wakwe watatu, lakini ni mmoja tu aliyewakumbuka kuku wake.

Nikamkuna mbuzi wangu kichwani.

Selina akauliza, kwa sauti ile yake ya chini, kwamba kumbe nilikusudia mama ndiye ainywe ile? Kikombe kizima? Uwanja mzima ukangoja. Ningeweza kusema uongo. Uongo ulikuwepo, mzuri, umeiva. Lakini nilikuwa nimeshatangaza mauaji mbele ya kijiji. Nikasema ndiyo.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe. Alicheka nyuma ya lundo mpaka akaanza kukohoa, akakohoa mpaka nikataka kumrukia tena, mzee Gaspari akanishika mkanda. Wanawake wakaegemea fimbo zao. Selina akakaa chini kabisa, kwenye mapepe, anajifuta macho na ncha ya khanga. Sijamuona akicheka hivyo tangu mwaka tuliooana.

Nikalia upya. Safari hii kwa raha.

Usiku nililala kwa jirani, kama mkwe anavyotakiwa. Leo nimepura mtama kutwa, upande wangu peke yangu, mgongo umewageukia. Unga wa Alute haujahitajika hata chembe. Kikohozi cha mama mkwe ni vumbi la mtama tu, kinakwisha mavuno yakiisha. Kila mtu alijua isipokuwa mimi.

Jumatatu, 19 Julai

Nyumbani. Tumerudi kwa baiskeli, Selina nyuma, mto umefungwa kwenye usukani. Kanipa masharti: nisiguse vyombo vyake, na nikamwombe Alute radhi kabla sijala. Nimekwenda. Alute kakonda, ila kakaa kitini. Katukana dakika kumi, halafu kaniuliza mama anaendeleaje. Nimemwambia anacheka. Kasema afadhali mmoja.

Nimefurahi, nimeshiba, mke wangu yuko ndani anaimba. Ungedhani nitatulia.

Lakini kuna jambo. Wakati wa kuaga, mzee Gaspari alinivuta pembeni, akanong'ona kwamba magoti yanamsumbua, na mtu mwenye mkono kama wangu hakosi kitu cha magoti. Kwa siri, Selina asijue. Mzee kaomba! Utamnyimaje mzee? Selina kaenda kisimani. Nimeweka chungu motoni. Mafuta ya alizeti, mizizi nisiyoikumbuka jina, na kitu cheupe nilichokikuta kwenye kopo. Nimeonja. Ulimi hausikii.

Nitaongeza asali.

Na kwa kuwa njiani niliahidi kuacha uongo, hiyo bahati niliyojisifia humu, naifuta. Sina bahati. Sijawahi kuwa nayo. Na pale Saranda hapakuwa na magunia ya pamba, nilivunjika mguu.