Namba Lazima Ishuke

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimekasirika tangu saa kumi na mbili asubuhi. Tangazo limebandikwa ukutani mwa karakana: madereva wenye kisukari watapimwa upya tarehe 18. Ambaye sukari yake haijadhibitiwa atakabidhi funguo.

Madereva wenye kisukari hapa kiwandani ni wawili. Mimi, miaka kumi na moja kwenye basi la wafanyakazi. Na Kiberiti, dereva wa gari la taka, ambaye miaka yote hiyo ananifuata nyuma kama fisi anayesubiri mkono wa mtu udondoke. Anautaka usukani wangu. Hata hajifichi.

Sijali. Kipimo nakijua. Siku mbili sili kitu, ya tatu nanyoosha kidole, natoka safi. Nimeshafanya hivyo mara sita.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Usaliti. Mama wa maabara, pale zahanati ya kiwanda, ameniambia kidole kimestaafu. Kuna kipimo kipya kinachoonyesha wiki mbili zilizopita. Kujinyima siku mbili hakusaidii tena, akasema, huku akinitazama machoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikamuuliza kinapima nini. Akasema kuna kitu damuni kinachofanana na sukari, tuseme ndugu yake. Huingia kwa chakula na hutulia humo. Lakini sukari yenyewe ikizidi hadi ikamwagika kwenye mkojo, na huyo ndugu husukumwa nje. Kwa hiyo ukila sukari ovyo, namba inashuka. Alikuwa bado anaeleza. Mimi nilishasikia la kunitosha, nikaaga.

Ukila sukari, namba inashuka. Miaka kumi na moja daktari, mke wangu na mama mkwe wananiimbia wimbo mmoja: shusha namba, shusha namba. Na ni hao hao wanaoninyima sukari. Miaka kumi na moja ya chai chungu! Nani atanilipa?

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mpango umeanza. Kopo la sukari limefungiwa kabatini, ufunguo umo kwenye kanga ya mama mkwe, fundo la tatu. Nimekwenda dukani. Soda mbili asubuhi, mbili jioni, pakiti ya biskuti katikati.

Mama mkwe ameyaona maganda ya biskuti mfukoni mwangu. Nikasema ni ya abiria. Akasema haya, baba, ila hakujua kwamba abiria siku hizi wanatafuna kwa mdomo wa dereva. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Nyumba hii haina adabu.

Kiberiti nimemwona akila mchicha mtupu na kutembea kwa miguu mpaka kazini. Maskini. Anaipandisha namba yake kwa miguu yake mwenyewe. Sikumwambia kitu. Kila mtu na akili zake.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimesimamisha basi mara nne njiani, nikaingia kichakani mara nne. Kiu hainiachi. Mama mmoja wa kitengo cha kushona vifungo akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma: dereva, tukupandie miti huko upate kivuli? Basi zima likaangua kicheko. Nimewabeba watu hawa miaka kumi na moja, mvua na jua.

Wacheke. Mama wa maabara alisema kitu chenyewe hutoka kwa mkojo. Basi kinatoka. Kazi inaendelea vizuri.

Jioni nimekwangua nguzo ya lango. Macho yana ukungu kidogo. Nguzo nayo iko vibaya. Nimemwambia mlinzi hivyo, kwa ukali.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Wametutoa damu. Kiberiti alikuwa mbele yangu, akajipangusa mkono na kunitakia heri. Mnafiki.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Majibu. Kiberiti kumi na tisa. Mimi mbili.

Mbili! Nikaitangazia karakana nzima. Nikamshika Kiberiti bega, nikampa pole mbele ya mafundi, nikamwambia mchicha si wa kila mtu. Akauliza kama daktari ameshaniita. Nilipaswa kushtuka hapo.

Daktari aliniita saa nne. Akasema kwenye kipimo hiki, mzee, aliyeshuka ndiye aliyezama. Wenye nafuu ndio walio juu. Akauliza nimekula nini wiki hizi mbili. Nikasema mchicha. Akauliza kwa nini sikumsubiri mama wa maabara amalize kueleza. Nikasema watu wa maabara wanaongea sana. Akasema habari ya nguzo anayo, na macho yenye ukungu yangeweza kuwaua watu arobaini. Nikasema nguzo iko vibaya.

Kiberiti akapokea funguo kwa mikono miwili. Akaniambia, pole kaka, kesho upandie mlango wa nyuma, wa mbele unagoma. Mimi ndiye ninayeambiwa kuhusu mlango ule. Mlango niliouzoesha mwenyewe kwa teke.

Nimepewa lango. Nitapimwa tena baada ya mwezi.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Nimetembea hadi kazini, nikalifungulia lango basi langu mwenyewe. Mama wa vifungo akanipungia mkono. Halikusimama njiani hata mara moja, wanasema.

Nimekaa kibandani nikafikiri kwa utulivu, kwa mara ya kwanza mwezi huu. Tatizo langu ni nini? Damuni nimepungukiwa na yule ndugu wa sukari. Huyo huingia kwa chakula, mama wa maabara alisema mwenyewe. Kinachopungua hujazwa. Mbona daktari hakuliona hilo, na shule zote zile?

Mwenye duka hamjui huyo ndugu kwa jina. Hivyo nimenunua sukari nyeupe, ya kahawia, ya unga ya kupambia keki, na chupa ya asali. Mmoja wao lazima awe yeye.

Mama mkwe ameuliza. Nimesema ni dawa. Nimeanza na nyeupe, vijiko vinne.