Godoro Lako Liko Njiani

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ametuita wawili ofisini kwake, mimi na Chati. Mimi ni kaimu mkuu wa kitengo cha taarifa katika kampuni yetu ya magodoro. Kaimu kwa miaka miwili! Chati ni yule wa meza ya dirishani, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu ukimjulia hali anakuchorea mchoro.

Bosi kasema ukaimu umetosha. Anayetaka kiti rasmi alete cheti cha kanzidata, yaani hazina ya taarifa kwenye kompyuta, na uchanganuzi wa taarifa za biashara. Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Unafanyika nyumbani, kwenye kompyuta, huku msimamizi anakutazama kwa kamera kutoka huko aliko. Tukifaulu wote wawili, atatazama alama. Akamaliza kwa kuniangalia kwa huruma. Sikuipenda ile huruma.

Ningeweza kuvumilia kushindwa na Chati. Tatizo ni mama mkwe. Yuko kwetu tangu mwezi jana kwa ajili ya goti lake, na siku aliyofika nilimwambia mimi ni mkuu wa kitengo. Neno "kaimu" lilinikwama kooni, nikalimeza na chai. Sasa ananiita Mkuu. Amewapigia simu dada zake wote, nao wananiita Mkuu. Nikikikosa kiti hiki, nitakaa wapi na uso huu?

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza kusoma kitabu cha mtihani. Kurasa mbili. Nimesinzia.

Hila ya kwanza: nimemwambia Chati tusome pamoja, sisi ni ndugu. Nia yangu ni kumpotezea muda. Nimemuuliza maswali ya kijinga chakula chote cha mchana: jedwali ni nini, rekodi ni nini, kwa nini kanzidata haiitwi kabati. Kayajibu yote kwa furaha. Kisha kanishukuru! Kasema kunieleza mimi kumemfanya aelewe vizuri zaidi. Majibu yenyewe sikuyasikiliza, maana siyo niliyoyafuata.

Kaniambia pia nisithubutu kufanya mazoezi kwenye kanzidata halisi ya kampuni. Yeye ametoa nakala ya orodha ya wateja, kaiweka pembeni, anaiharibu atakavyo. Kajitolea kunipa na mimi. Nimekataa. Hapo kuna namna. Anataka nizoee kuogelea kwenye beseni, halafu yeye apige mbizi mtoni.

Halafu kauliza, kwa upole wake ule unaoudhi, kwa nini nakala ya akiba ya kampuni siku hizi inatolewa Ijumaa tu, wakati zamani ilikuwa kila jioni. Ni mimi niliyebadilisha. Ilikuwa inanichelewesha kutoka. Sasa inajitoa yenyewe kila Ijumaa jioni na kukalia mahali pa ile ya zamani, ambayo inafutika. Nimemwambia huo unaitwa uongozi.

Jumanne, 12 Machi

Mungu wangu.

Niandike polepole. Leo nilijifunza amri ya kubadilisha taarifa. Nikatafuta mtu wa kujaribia. Mama mkwe ni mteja wetu, alinunua godoro mwaka jana, na majuzi amebadilisha laini ya simu. Amenisumbua nimwekee namba mpya ili asipitwe na matangazo ya punguzo. Nikasema vyema, nafanya mazoezi na namfurahisha mkwe kwa mkupuo mmoja. Nikafungua kanzidata halisi. Nikaandika: badilisha jedwali la wateja, namba ya simu iwe hii. Nikabonyeza.

Chini ya skrini kukatokea: "Rekodi 11,482 zimebadilishwa."

Nilifurahi! Nilidhani ni alama. Nikanyoosha miguu, nikanywa maji. Hadi glasi imefika nusu ndipo nikakumbuka kwamba mama mkwe ni rekodi moja.

Sikuandika sharti. Kitabu kinasema, ukurasa wa tatu, kwamba amri hii lazima uipe sharti, yaani uiambie ni rekodi ipi, la sivyo itazikumba zote. Mimi niliishia ukurasa wa pili. Sasa kila mteja wa kampuni hii, hoteli, hospitali, mabweni, maharusi, wote wana namba moja ya simu. Ya mama mkwe.

Nimetafuta kitufe cha kurudisha. Hakipo. Nimezima kompyuta na kuiwasha tena. Bado.

Jumatano, 13 Machi

Mama mkwe kaamka na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Kampuni yetu humtumia ujumbe kila mteja ambaye mzigo wake umepakiwa: "Ndugu mteja, godoro lako liko njiani." Kafika mezani na simu mkononi, kamwambia binti yake kwamba mkwe anamjali, kanunua godoro kwa siri. Kanibariki. Kabla hajamaliza baraka simu ikalia tena. Godoro la pili liko njiani. La tatu. La nne. Kaniangalia machozi yakimlengalenga.

Ningesema nini? Nimesema, karibu mama.

Kazini nilikuwa na wazo kwamba hali si mbaya, ujumbe ni maneno tu. Sikuwa nimewafikiria madereva. Mitaa ya mji huu haina vibao, kwa hiyo dereva akikaribia humpigia mteja amwelekeze. Leo madereva wote wamempigia mteja. Mteja kawaelekeza. Mteja ana sauti nzuri na anaujua mtaa wetu vizuri.

Nimerudi nyumbani nikakuta magodoro tisa sebuleni.

Alhamisi, 14 Machi

Magodoro thelathini na mawili. Tunapita ukumbini kwa ubavu. Mke wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake imezibwa, haionekani. Aliniuliza, mbele ya mama yake, hii ni nini. Nikamkonyeza. Akanivuta jikoni, akaniambia nisimkonyeze, niseme. Nikamwambia ni mpango wa kampuni wa kuhifadhi bidhaa kwenye nyumba za wakuu. Akaniangalia toka juu hadi chini. Nilioa mwanamke mwenye akili, ndiyo shida.

Siwezi kumkataza mama mkwe. Nimwambie nini? Mama, acha kupokea, mimi ni mjinga? Tena amekwisha kuanza kugawa. Kampa dada yake mkubwa mawili. Kawaambia ndugu wote waje, Mkuu amefungua mkono.

Kazini simu hazikomi. Hoteli inauliza magodoro yake. Bwana harusi mmoja kaja mwenyewe, kakaa mapokezi, kasema haondoki. Bosi kaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye kaimu, kulikoni. Nimemjibu kwamba ni mtandao wa simu. Chati kakunja uso, kasema ajabu, wateja wote wana namba moja. Nikasema ndiyo hivyo mitandao ilivyo. Kasema ataangalia vizuri baada ya mtihani, kwa sasa yuko nyuma kimasomo. Yeye nyuma! Mimi niko ukurasa wa tano.

Nikikiri sasa nimekwisha. Nikifaulu kwanza, nitakuwa mkuu rasmi, na mkuu akiharibu kitu huitwa changamoto. Kwa hiyo nanyamaza mpaka Jumamosi. Nakala safi ya Ijumaa iliyopita ipo salama, nitairudisha Jumatatu, basi.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nilidhamiria kusema kweli. Naapa. Bwana harusi alilala pale mapokezi, kwenye kiti, hilo ndilo lililonilainisha moyo. Nilisimama mlangoni kwa bosi, nikainua mkono kubisha. Bosi akafungua kabla sijabisha, akanishika bega, akasema kesho ni siku yangu, ananitakia heri, na miaka miwili si kidogo. Nikasema ahsante. Nikarudi mezani.

Nimefika nyumbani, nimekaa juu ya magodoro mawili ya chumbani, nikafungua kitabu. Sura ya nakala za akiba. Kinasema hakikisha nakala mpya haikalii ile nzuri ya zamani.

Leo ni Ijumaa.

Imeshajitoa. Nakala safi haipo tena. Mahali pake kuna nakala nadhifu kabisa ya watu elfu kumi na moja na kitu, kila mmoja akiwa na namba ya mama mkwe. Nimelia. Sioni aibu kuandika. Nimejifunika uso kwa mto wa mteja nikalia. Mke wangu kaja, kaketi kando yangu, kashika mkono wangu. Ningemwambia pale pale. Sikumwambia. Nilisema macho yanawasha.

Jumamosi, 16 Machi

Kanuni za mtihani: chumba kiwe kitupu, asiingie mtu, usiongee. Nilimsihi mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba nina kikao kizito cha wakuu na asinifungulie mlango hata nyumba ikiungua. Kaitikia.

Msimamizi alikuwa sauti tu, sauti ya mtu aliyechoka. Akaniambia nizungushe kamera. Nikazungusha. Akauliza yale ni nini. Nikasema magodoro. Akauliza ni mangapi. Nikasema kwa leo sijahesabu. Akauliza kwa nini mtu mmoja ana magodoro yote yale. Nikasema hata mimi najiuliza. Akataka nimwoneshe nyuma ya magodoro kama hakuna mtu wala karatasi. Nikavuta moja. Yakaniangukia matano. Alinisubiri nijitoe. Sitamsahau kwa ustaarabu ule.

Swali la kwanza likafunguka: nini hutokea ukitoa amri ya kubadilisha taarifa bila sharti?

Nililitazama. Katika kitabu kizima, hilo ndilo jambo pekee ninalolijua, na nalijua kwa moyo, kwa mwili na kwa mgongo. Nilichagua jibu. Lilikuwa sahihi, nina hakika. Kwa muda mfupi niliona kiti, meza, kibao chenye jina langu bila neno la mbele.

Mlango ukafunguka.

"Samahani, Mkuu," mama mkwe akasema, "huyu dereva anauliza hili la sita kwa sita aliweke wapi."

Nyuma yake dereva, nyuma ya dereva msaidizi, na kati yao godoro. Nikanyoosha kidole kuonesha mlango, bila kuongea. Msimamizi akauliza ni nani hao. Mama mkwe akasikia sauti, akainama kwenye kamera, akasalimia, akamuuliza hali ya nyumbani kwake. Akamwambia huyu ni mkwe wangu, Mkuu, ana mkono wazi kweli. Akamuuliza kama na yeye analo godoro.

Skrini ikaandika: mtihani umesitishwa.

Nilimshukuru mama. Nikamwonesha dereva pa kuliweka. Nifanye nini tena?

Jumatatu, 18 Machi

Chati kafaulu. Alama za juu. Kaja na cheti chake na jambo la pili: kagundua kilichotokea. Kila amri huacha jina la aliyeitoa. Nami nilidhani kompyuta inatunza siri.

Nilikiri, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya. Bosi hakupiga kelele. Alivua miwani, akajikanda macho, akauliza nakala safi iko wapi. Nikamwambia. Nikatamani sakafu ifunguke. Kumbukumbu ya wateja wote, imekwenda. Ndipo Chati akakohoa kidogo, akasema ile nakala yake ya mazoezi, aliyoitoa kabla ya Jumanne, bado ipo, na amekwisha kuirekebisha pale alipoiharibu.

Beseni! Kampuni imeokolewa na beseni.

Chati ndiye mkuu. Kaomba nisifukuzwe. Hilo limeniuma kuliko kufukuzwa. Nimepelekwa ghalani, kazi yangu ya kwanza ni kuzunguka na lori kuyarudisha magodoro yote, nyumba kwa nyumba, kwa ndugu wa mke wangu. Shangazi yake nimemkuta amelilalia. Kakataa kuamka. Kasema aliyetoa ametoa.

Nyumbani nimesema kweli, jikoni, wote wawili wakinisikiliza. Mama mkwe kaiweka simu yake mezani. Kisha kasema yeye hakuhitaji mkwe mkuu, alihitaji mkwe wa kumwambia asipokee. Mke wangu kasema hivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi. Nimeinamisha kichwa. Cherehani imeonekana.

Ijumaa, 22 Machi

Ghalani si pabaya. Magodoro yamerudi yote isipokuwa la shangazi. Mtihani mwingine upo baada ya miezi mitatu, na Chati kaniletea mwenyewe nakala ya mazoezi, kaiweka mezani kwangu. Nimeitia kwenye droo. Sasa nina uzoefu, mimi si mtu wa kuanza na beseni.

Nilifikiri namna ya kumshukuru, maana mtu asiyemshukuru aliyemwokoa si mtu. Nikaamua kumpelekea godoro moja zuri, limfikie kesho nyumbani bila kujua limetoka kwa nani. Huku ghalani nimeachiwa ruhusa kwenye jedwali moja tu, la oda za kupeleka. Nikaandikisha oda ya godoro hilo, nikafungua amri: badilisha jedwali la oda, anwani na simu ziwe za Chati. Nikabonyeza.

Chini ya skrini kumetokea namba ndefu kidogo.

Nimezima kompyuta. Malori yamepakiwa tayari, yanatoka kesho asubuhi. Chati ana vyumba viwili na mke mjamzito. Nimefikiri sana, nimepima kila upande, na nimeona nisiharakishe mambo. Nitanyamaza mpaka Jumatatu.